Eti Sifuri Sawa na Sifuri ni Swali Bovu?

Najua nimeadimika. Wiki nane za TP pale Songea, laptop yenyewe betri imekufa, na nikipata umeme nakuwa na madaftari themanini ya kusahihisha. Nimerudi chuoni juzi usiku. Basi lilitutoa Songea alfajiri, tukapita Njombe na baridi yake, Makambako tukala mahindi ya kuchoma, mpaka nafika hosteli miguu imevimba kama nimetoka vitani.

Nilipanga kuwaandikia habari za mji wenyewe. Milima ya Matogoro asubuhi ikiwa na ukungu, makumbusho ya Majimaji, Lizaboni jioni, na bei ya maparachichi ambayo mtu wa Dar akiiona atalia. Hayo yatasubiri. Leo nina hasira, na hasira ikipoa huwa siandiki vizuri.

Hasira yenyewe ni ya hesabu. Wale wa sanaa msikimbie jamani, nitakwenda taratibu, na mwisho mtaona inawahusu.

Kidato cha kwanza kuna ile mada ya milinganyo miwili yenye x na y. Sote tumeipitia. Unapewa x + y = 5 na x − y = 1. Unajumlisha, y inakufa, unabaki na 2x = 6, x ni 3, y ni 2, unapiga mistari miwili chini ya jibu, unasonga mbele. Hiyo ndo hali ya kawaida, jibu ni moja tu. Lakini kuna hali nyingine mbili ambazo walimu wengi wanazifanyia kama mtu anavyomfanyia shemeji mlevi kwenye harusi. Wanajua yupo, wanaomba asionekane.

Ya kwanza: x + y = 5, halafu 2x + 2y = 10. Ukiondoa x, na y nayo inaondoka, na unabaki na 0 = 0. Ya pili: x + y = 5, halafu 2x + 2y = 12. Ukiondoa x, y inaondoka vilevile, lakini safari hii unabaki na 0 = 2.

Sasa mweke mtoto wa kidato cha kwanza mbele ya 0 = 2. Amefundishwa mwezi mzima kwamba hesabu ni kutafuta x. Amefuata hatua zote. Na mwisho wa hatua zote x haipo, kuna uongo umekaa pale kwenye karatasi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Atafanya nini? Atafuta.

Hicho ndo nilichokiona. Shule siitaji. Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, anakaa dawati la nyuma, mkimya, mwandiko mzuri. Nilitoa zoezi la maswali matano na moja lilikuwa la 0 = 0. Nikipita nyuma namwona amefuta mpaka karatasi imetoboka. Alilifanya mara ya kwanza, sahihi. Akapata 0 = 0. Akafuta. Akalifanya kwa njia nyingine, ile ya kuweka badala, sahihi tena. Akapata 5 = 5. Akafuta. Dakika 40 za kipindi zikaisha yupo hapo hapo na maswali matatu hajayagusa. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, mimi hesabu hazinipendi."

Hazimpendi! Mtu amefanya swali moja kwa njia mbili zote sahihi, halafu anajihukumu kuwa hana akili, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba 0 = 0 ni habari, tena habari nzuri tu. Nchi hii zaidi ya nusu ya wanaofanya mtihani wa hesabu kidato cha nne wanafeli, mwaka baada ya mwaka, na kila matokeo yakitoka tunaanza wimbo wa "watoto wanaogopa hesabu". Kwani huo uoga wanazaliwa nao?

Mwalimu wangu mwenyeji, mtu mzima, mpole, namheshimu, shikamoo zake popote alipo, aliniambia kiungwana kabisa: "Mwalimu kijana, hizo ruka. Hazitoki." Neno hilo, hazitoki, mnalijua. Hazitoki kwenye mtihani. Na kwa upande wake namwelewa. Ana darasa la watoto zaidi ya themanini, vipindi vya kubana, mkuu wa shule anataka muhtasari uishe, na mwisho wa mwaka atapimwa kwa idadi ya F, hakuna atakayemwuliza kuhusu binti aliyetoboa karatasi. Ningekuwa mimi na miaka ishirini kazini labda ningeongea kwa uchovu huo huo. Lakini kumwelewa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine, na hapa sikubali hata kwa dawa.

Kwanza, si kweli kwamba hazitoki. Zinatoka zimevaa koti jingine. Kidato cha nne kuna matriki, na swali linalopendwa kuliko yote ni lile la "tafuta thamani ya k ambayo matriki hii haina kinyume chake". Hiyo ni nini kama si hizi hizi hali mbili? Determinanti ikiwa sifuri, maana yake mistari yako miwili ama haikutani kabisa ama ni mstari mmoja uliovaa nguo mbili. Mtoto aliyerushwa mada kidato cha kwanza anafika kidato cha nne anakariri "determinanti sifuri, hakuna kinyume" kama anavyokariri namba ya simu, bila kujua ni kitu alichopaswa kukiona miaka mitatu nyuma akiwa na rula na penseli.

Na hapo kuna kosa linaloniuma zaidi, maana lipo mpaka kwenye madesa yanayouzwa pale stesheni za vitabu. Yanasema determinanti ikiwa sifuri, milinganyo haina jibu. SI KWELI. Chukua x + 2y = 3 na 2x + 4y = 6. Determinanti ni 1 × 4 kutoa 2 × 2, yaani sifuri. Majibu yapo chungu nzima: x = 1 na y = 1, au x = 3 na y = 0, au x = −1 na y = 2, endelea mpaka uchoke. Sasa badilisha ile 6 iwe 7. Determinanti ni ile ile sifuri, ila safari hii jibu hakuna hata moja. Determinanti inakuambia tu kwamba kawaida imevunjika. Haikuambii imevunjikia upande gani. Ili ujue lazima urudi uangalie ule upande wa kulia, zile 3 na 6 na 7. Nimewauliza wenzangu hapa hosteli, watu wa mwaka wa tatu, wanaokwenda kufundisha taifa. Wengi wamenijibu "hakuna jibu" haraka haraka huku wanaangalia mpira.

Sasa wapo walimu ambao hawaruki. Hawa ndo wananikera kuliko wale wanaoruka, maana wanadhani wamefundisha. Wanaandika ubaoni: ukipata sifuri sawa na sifuri andika "infinitely many solutions", ukipata sifuri sawa na namba nyingine andika "no solution". Nukta. Watoto wananakili. Kwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Matokeo yake nimeyasahihisha kwa mikono yangu. Mmoja ameandika x = infiniti, y = infiniti, yaani kajumlisha infiniti na infiniti akapata 5, ajabu kweli. Mwingine akaandika "namba yoyote". Nikamwita. Nikamwambia haya, x ni 1 na y ni 1, si umesema yoyote? Akajumlisha, akapata 2, akaniangalia. Hapo ndo akaanza kufikiri, kwa mara ya kwanza kwenye mada nzima! Majibu ni mengi yasiyo na idadi, ndiyo, lakini si kila namba. Ukichagua x wewe, y inakuwa imeshachaguliwa. x ikiwa 1, y ni 4. x ikiwa 2, y ni 3. x ikiwa 100, y ni −95. Uhuru una kamba. Ule msemo wa Kiingereza ubaoni haukumpa hata chembe ya hilo.

Halafu grafu. Wanaambiwa "mistari isipokutana, hakuna jibu". Sawa, ni kweli. Lakini mtoto ana karatasi inayoanzia −5 mpaka 5. Niliwapa y = 2x + 1 na 10y = 21x − 20. Darasa zima wakachora, wakaona mistari miwili inakwenda pamoja kama reli, wakaandika hakuna jibu. Jibu lipo, x ni 30 na y ni 61, ila ni mbali na karatasi zao. Mteremko mmoja ni 2 na mwingine ni 2.1. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kutazama picha tu bila kuuliza miteremko inalinganaje, umemfundisha kwamba kisichoonekana kwenye daftari lake hakipo duniani.

Sasa nisikilizeni, maana nisije nikaambiwa napiga kelele tu bila kuonyesha njia. Nilifanya jaribio wiki ya tano, darasa jingine, mkondo unaosemwa ni wa "vilaza" (hilo jina nalo litapata siku yake). Sikuandika x wala y. Na nilifundisha kwa Kiswahili, mnishtaki. Nikasema: nimefikiria namba mbili, jumla yake ni 5. Nitajieni. Wakaanza kubishana, 2 na 3, hapana 1 na 4, mwingine akaja na nusu, 4.5. Wakakubaliana wenyewe kwamba hawawezi kujua. Nikasema haya nawaongezea taarifa: kubwa inaizidi ndogo kwa 1. Kelele, 3 na 2! Safi. Nikafuta ile taarifa ya pili. Nikasema nawapa nyingine badala yake: mara mbili ya ya kwanza, jumlisha mara mbili ya ya pili, ni 10.

Kimya kidogo. Halafu kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo si umeshaisema?"

Nikafuta tena. Nikasema basi: mara mbili ya ya kwanza, jumlisha mara mbili ya ya pili, ni 12. Hapo hata sikusubiri. "Aaah mwalimu, unajipinga!"

Umeshaisema. Unajipinga. Maneno mawili ya Kiswahili, kutoka kwa watoto wanaoitwa vilaza, na mada imeisha kwa robo saa. Kwenye hali ya kwanza taarifa ya pili haikuongeza kitu, kwa hiyo tuko pale pale tulipokuwa na taarifa moja. Kwenye hali ya pili taarifa mbili zinapigana, kwa hiyo hakuna namba inayoweza kuziridhisha zote. Baada ya hapo ndo nikaleta x na y, nikaleta 0 = 0 na 0 = 2, nikaandika ile misemo ya Kiingereza kwa sababu mtihani unaitaka. Waliandika misemo ile ile ambayo darasa lile jingine waliandika. Tofauti ni kwamba hawa walijua wanaandika nini.

Mtu ataniambia, lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, wewe mwanafunzi wa TP umepata wapi mamlaka. Jamani. Nani asiyejua kinachoendelea darasani mlango ukifungwa? Kila mwalimu anachanganya. Tofauti ni kwamba tunachanganya kwa kuficha, Kiswahili tunakitumia kugombeza na kuita majina, halafu tunapofika kwenye jambo lenyewe linalohitaji kueleweka tunarudi kwenye Kiingereza cha kukariri. Ingekuwa kinyume chake tungefika mbali.

Wapo pia wanaosema, sawa, lakini wafundishe kwanza hali ya kawaida waizoee, hizi za pekee zije mwishoni kama muda upo. Na muda, kama mnavyojua, huwa haupo. Mi nasema huwezi kuielewa hali ya kawaida bila hizi mbili. Kwa nini x + y = 5 na x − y = 1 inatoa jibu moja? Kwa sababu taarifa ya pili ni mpya na haipingani na ya kwanza. Huo upya na huko kutopingana utavionaje kama hujawahi kuona taarifa iliyorudiwa na taarifa inayojipinga? Ni kama kumfundisha mtu kuendesha gari kwa kumwonyesha barabara ya lami iliyonyooka tu, halafu unamwachia bodaboda kipindi cha masika huko Mbinga milimani.

Na si mambo ya darasani tu. TP yetu iliangukia msimu wa mahindi. Songea msimu huo ni mahindi matupu, magunia mpaka barabarani, foleni za malori kwenye maghala ya NFRA, walanguzi wanazunguka vijijini na mizani zao. Mama niliyepanga kwake anauza mahindi na maharage. Tuseme (namba ni za kwangu) Jumatatu mteja kachukua debe 2 za mahindi na debe 1 la maharage, kalipa 60,000. Jumanne kaja mwingine, debe 4 na debe 2, kalipa 120,000. Ukimuuliza mtu bei ya debe la mahindi ni kiasi gani kwa kuangalia hizo risiti mbili, hawezi kukuambia. Inaweza kuwa 10,000 na maharage 40,000. Inaweza kuwa 12,000 na maharage 36,000. Risiti ya pili ni ile ya kwanza mara mbili, haijakuambia kitu. Anayekuambia anajua bei kwa hizo mbili anakuingiza mkenge.

Sasa tuseme Jumanne kalipa 110,000. Kwa bei moja haiwezekani. Milinganyo haina jibu, na hapo ndo patamu, kwa sababu kukosa jibu kumekufungulia macho: kuna kitu hapa. Bei ilishuka usiku? Mteja wa pili alipewa punguzo? Au debe la Jumanne si debe la Jumatatu? Mkoa mzima unalia na lumbesa, gunia linaloshonewa kofia juu mpaka linapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo, na mkulima analipwa kama gunia moja. Mtoto wa mkulima aliyefundishwa kwamba 0 = 10,000 ni swali bovu la kufutwa, siku akikutana na hesabu za mlanguzi zinazojipinga atafanya nini? Si atafuta tu, adhani amekosea yeye.

Hata kemia inatumia mambo haya haya kila siku, ila walimu wa masomo mawili hawaongei. Ukisawazisha hidrojeni na oksijeni kutengeneza maji, unatafuta namba tatu, na masharti uliyonayo ni mawili tu, la hidrojeni na la oksijeni. Majibu ni mengi yasiyo na idadi: 2, 1, 2 inakubali, 4, 2, 4 inakubali, 6, 3, 6 inakubali. Tunachagua ndogo kabisa zisizo na sehemu, kwa makubaliano tu. Mtoto anafanya hivyo vizuri kwenye kemia saa nne, saa tano kwenye hesabu anaambiwa swali lenye majibu mengi ni ajabu.

Kuna jamaa mmoja, Abu Kamil, Mmisri, aliishi kati ya karne ya 9 na ya 10. Aliandika kitabu kizima kuhusu maswali ya kununua ndege: una dirhamu 100, unataka ndege 100, bata ni dirhamu 5, kuku dirhamu 1, shomoro 20 kwa dirhamu 1, utanunua wangapi wa kila aina? Hilo lina jibu moja kama unataka aina zote na hukati ndege vipande: bata 19, kuku 1, shomoro 80. Lakini swali jingine la namna hiyo alilichimba mpaka akahesabu majibu 2,676. Anasema alipowaeleza watu, wasiomjua walimshangaa na kumtilia shaka. Walizoea kutoa jibu moja la kubahatisha na kwenda zao. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, hapa hapa Afrika, mtu anagombana na watu kwa sababu wanadhani swali lazima liwe na jibu moja. Mwenzangu kabisa huyu.

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 na neno linaloimbwa ni umahiri. Sawa. Nikisikia neno hilo nauliza kitu kimoja tu: mwanafunzi akipata 0 = 0 atafanya nini? Akifuta, hamna umahiri hapo, hata mwandike kwenye andalio kwa wino wa dhahabu.

Yule binti, mkitaka kujua, nilikaa naye mapumziko siku iliyofuata. Nilimrudishia daftari na tiki mbili kwenye zile alama za ufutio, moja kwa kila njia. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilipata?" Nikamwambia ulipata mara mbili. Hakusema kitu, ila Ijumaa alileta swali ametunga mwenyewe, la ndizi na machungwa, akaniwekea mtego nisijue kama lina jibu. Halikuwa nalo.

Mwaka wa pili mnaojiandaa na TP: nimeandaa maswali kumi na nane ya namna hii, yote kwa Kiswahili, yenye mahindi, nauli za bodaboda na vocha, pamoja na andalio la somo la dakika 40. Njooni chumbani na flashi. Na tafadhali sana, isiwe na virusi, laptop yangu tayari ni mgonjwa.